Maziwa Kabla ya Kisu

Kapseret,
14 Oktoba 2012

Kwa dadangu Jepchumba,

Chamgei! Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji Kuria na Wamucii mkiwa wazima, na kwamba baridi ya Ol Kalou haijawala masikio. Sisi huku tuko salama. Jeruto wangu anakusalimu mara mia. Mahindi yako tayari lakini mvua imekataa kwenda kwao. Yule ng'ombe aliyetafuna shela yako siku ya harusi aliacha kizazi: mjukuu wake amezaa ndama jike, na huyo ndama juzi amekula soksi yangu.

Najua unashangaa. Karibu miaka mitano bila neno, halafu bahasha. Tulia, hakuna aliyekufa. Anayekaribia ni mimi, na hata kaburi langu litahitaji wachimbaji wa zamu mbili.

Ile sukari iliyompofusha Baba nimeirithi. Shamba tuligawana, sukari nikaachiwa yote. Agosti walinikata kidole cha mguu, kile kidogo cha mwisho. Jeruto alilia sana. Nikamwambia angalau nimeanza kupungua. Hakucheka mtu.

Sasa sikia. Kuna madaktari wa upasuaji wanakuja mjini mwezi wa nne mwakani. Watawapasua wagonjwa wachache wa sukari, wale wanene kupita kiasi, wawapunguze tumbo libaki la kikombe kimoja tu. Wanasema ukishakatwa sukari inashuka, na wengine huachana na sindano. Jina langu limo. Lakini kabla ya kisu lazima nipungue kilo kumi na tano, la sivyo nafasi yangu inapewa mwingine. Na daktari wa kliniki ameniambia bila kunibembeleza kwamba nikiendelea hivi, mguu utafuata kidole, na macho yatafuata mguu.

Kupimwa kwangu nako kulikuwa sinema. Mizani ya kliniki inaishia kilo mia moja na hamsini. Nilipopanda, mshale ulizunguka ukagonga mwisho ukabaki hapo. Nesi akanituma ghala la nafaka, kule wanakopima mahindi. Nikapanda katikati ya magunia, kofia kifuani kama mtu aliye kanisani. Mia moja sitini na mbili. Karani, bila kuinua macho, akauliza kama nimekaushwa.

Mtaalamu wa lishe pale kliniki ni mama mmoja anaitwa Nanzala. Hacheki. Nilimwuliza, "Kama ningeweza kupunguza kilo kumi na tano mwenyewe, kisu ningekitakia nini?" Akanichorea picha. Ini langu limejaa mafuta, limevimba, limelalia tumbo, na daktari hawezi kupita hapo salama. Nikijinyima, ini ndilo hupungua mapema, njia ikafunguka. Kisha akanipa kazi: nichague ndugu mmoja nisiyeweza kumdanganya, aliye mbali na sufuria zangu, niwe namwandikia ninachokula na ninachopima. Si kwa simu. Kwa simu, alisema, mtu hudanganya huku anatafuna.

Nikafikiria watu wangu wote. Jeruto hafai, upendo wake wote anaupakua kwa sahani. Wengine wananiogopa au wanakula pamoja nami. Ukabaki wewe, uliyekuwa ukinichongea kwa Mama tangu ulipojua kuongea.

Basi ripoti. Ugali nusu ya ule wa zamani (ule wa zamani ungetosha harambee), sukuma wiki, maharagwe. Chai bila sukari, ambayo ni adhabu. Kila asubuhi natembea mpaka senta na kurudi, na jirani mmoja ananisindikiza nisianguke njiani. Huyo huyo hunipeleka kliniki kwa pikapu, maana watu wa boda boda waliniambia, "Mzee, wewe ni abiria wawili na mzigo."

Wanasema pia mgonjwa awe na ndugu wa damu karibu siku ya kupasuliwa na baadaye. Sikuombi uje. Nasema tu walivyosema.

Ni mimi kakako mzito,
Kigen


Ol Kalou,
9 Novemba 2012

Kaka Kigen,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo. Kuria anakusalimu, mgongo unamsumbua lakini mdomo uko sawa. Wamucii yuko kidato cha pili, anawashinda wote kwa hesabu isipokuwa wale wanaojua hesabu. Viazi mwaka huu vimetoka vikubwa na mimi nimevifuata: rinda nililovaa siku ya ubatizo wake sasa halipiti mabegani. Kwa hivyo usifikiri unaandikiana na mwembamba.

Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini kabla ya kufungua. Kuria akazima redio akijua ni msiba. Kumbe, Ngai wangu, miaka mitano ya kimya na barua ya kwanza ni ya ugali! (Ndiyo, siku hizi Mungu namwita Ngai, kwa Kikuyu cha kina Kuria. Nimekaa huku.)

Nimeisoma ripoti yako mara mbili, na nina swali moja: chapati ziko wapi? Mtu aliyekula chapati sita siku ya mazishi ya Baba, huku analia, hawezi kuziacha bila hata kuziaga. Andika ukweli au usiandike. Stempu hazichumwi shambani.

Kidole kimenisikitisha. Nililia kidogo jikoni, nikamwambia Kuria ni kitunguu, na kilichokuwa jikoni ni uji. Kigen, hiki si kitu cha kuchekea. Cheka, lakini upungue.

Kuhusu kuja huko: barabara ni mbaya, na tuna ng'ombe mwenye mimba.

Na huyo jirani ni nani? Hukumtaja jina.

Dadako,
Jepchumba


Kapseret,
2 Desemba 2012

Kwa dadangu Jepchumba,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie shemeji ajipake mafuta ya kuchua mgongo, na mdomo auache ulivyo. Sisi tumemaliza kuvuna. Jeruto ana homa ndogo ila anapika.

Umeshinda. Chapati zilikuwa tatu. Nilizila ndani ya banda la kukamulia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijishawishi kwamba chakula cha kusimama hakihesabiwi. Ng'ombe walinitazama vibaya. Nilimweleza Nanzala, akaandika, akaniuliza, "Na za kukaa?" Yule mama angefaa kuwa polisi.

Akamwita Jeruto kliniki. Akamfundisha kwamba nusu ya sahani yangu iwe mboga, na ugali uwe wa kiasi cha ngumi. Jeruto akauliza ngumi ya nani. Tangu siku hiyo anapima kwa ngumi yake mwenyewe, na ngumi yake, dadangu, ni ya msichana wa shule.

Njaa ninayo, sitakuficha. Usiku naota mandazi. Jumapili tulikuwa na ushirika kwa mzee wa kanisa, nikakalia kiti cha plastiki, kikafungua miguu yote minne kwa upole kama ndama mchanga, nikawa chini katikati ya sala. Mchungaji hakufungua macho. Alisema "Amina" mapema tu.

Lakini habari njema: mia moja hamsini na nane! Karani wa ghala amenipongeza. Alisema gunia linavuja.

Ng'ombe wako amezaa?

Kakako,
Kigen


Ol Kalou,
21 Desemba 2012

Kaka Kigen,

Pole kwa kuanguka, na pole kwa kiti. Mpe Jeruto pole ya homa. Sisi tuko, baridi imezidi.

Kilo nne! Nimemwonyesha Kuria barua. Amesema wewe ukipungua Kenya itaelemea upande wa bahari. Nimecheka peke yangu shambani siku nzima mpaka wapita njia wakanishangaa.

Ng'ombe amezaa. Barabara bado ni mbaya.

Krismasi yetu itakuwa ya kimya. Tangu ule mwaka wa vurugu, Krismasi ikishapita mimi hukaa na viatu miguuni mpaka Januari iishe. Wamucii hunicheka. Sijui anakumbuka kiasi gani.

Hukujibu swali langu.

Jepchumba


Kapseret,
13 Januari 2013

Kwa dadangu Jepchumba,

Heri ya mwaka mpya, na uvue viatu. Huku kumetulia, ingawa wanasiasa wameanza kupiga kelele na magari yao ya vipaza sauti mpaka ng'ombe wanapunguza maziwa. Jeruto amepona. Watoto walikuja Krismasi wakala sehemu yangu mbele yangu.

Nina aibu ya kukuletea. Siku ya mwaka mpya nilitaka kumwonyesha Nanzala maajabu, nikaamua nisile chochote tangu jana yake. Lakini sindano nikajidunga kama kawaida, kipimo kile kile cha siku zangu za chapati. Tukaenda kanisani. Katikati ya ushuhuda nikaanza kutokwa na jasho, mikono ikitetemeka. Jeruto anasema nilisimama, nikashika mkono wa mchungaji, nikatangaza bei mpya ya maziwa. Watu wengine wakasema Amina. Halafu nikaanguka, na safari hii hakukuwa na kiti cha kulaumu.

Sukari ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. Jirani alikimbia dukani akaleta soda, akanipakata kichwa akawa ananimiminia kidogo kidogo mpaka nikajua jina langu. Nesi alisema dakika chache zaidi ningekuwa mwendazake. Soda ya kwanza kwa miezi mitatu, na sikuionja vizuri!

Nanzala alinifokea mpaka akasimama. Kupungua si kujiua njaa, alisema, na ukipunguza chakula sindano nayo lazima ipunguzwe, na wa kuipunguza ni daktari, si mzee wa Kapseret. Wamenipunguzia. Wamenipa na kile kimashine cha kupima damu kidoleni. Nimekuwa mtu wa kujidunga asubuhi na jioni, vidole vyote tisa vya miguu vinashangaa vya mikono vimekosa nini.

Mia moja hamsini na tano. Niombee.

Kigen


Ol Kalou,
12 Februari 2013

Kaka Kigen,

Sisi wazima. Kuria amepanda vitunguu. Wamucii amerudi shule.

Nilisoma habari ya kanisani nikacheka kwa bei ya maziwa, halafu nikafika pale "mwendazake" nikaiweka barua chini. Usinifanyie hivyo tena. Nina kaka mmoja.

Sasa nitauliza kwa mara ya mwisho, na nitajijibu mwenyewe. Huyo jirani ni Vincent. Kapseret yote, mwenye pikapu anayesali na ninyi na ambaye hutaki kumtaja, ni nani mwingine? Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na pikapu.

Hatujawahi kuongea juu ya siku ile, mimi na wewe, basi acha niiseme. Wale vijana walipofika mtaa wa Pioneer hawakujua mlango wa duka letu. Maduka yote pale yalikuwa na rangi moja. Vincent alikuwa akinunua mkate kwetu kila Jumamosi akitoka kupeleka maziwa, na mimi nilikuwa nikimchagulia ulio laini. Alisimama barabarani akanyoosha mkono. Nilikuwa dirishani, nikamwona. Wakaniambia, wewe ni msichana wetu, baki, huyu Mkikuyu ndiye aende. Nikawaambia huyu ndiye kwetu. Wakalichoma duka.

Wewe ulikuja na trekta, ukatulaza sote watatu chini ya majani ya ng'ombe, ukatupeleka mpaka kituo cha polisi ukiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya ili wasisikie Wamucii akilia. Hilo sijalisahau hata siku moja. Ndiyo sababu najibu barua zako. Lakini unapanda gari lake, Kigen. Unatembea naye asubuhi. Usije ukaniambia amebadilika.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Kuria amepakia nguo kwenye mkoba akauweka nyuma ya mlango, hajasema kwa nini. Sijamwuliza. Huko siji.

Jepchumba


Kapseret,
27 Machi 2013

Kwa dadangu Jepchumba,

Natumaini mko salama na mkoba umefunguliwa. Sisi tulipiga kura, tukarudi nyumbani, tukafunga milango, tukasikiliza redio kwa siku nyingi, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Jeruto alikuwa amenunua unga wa mwezi mzima. Unga wote huo ndani ya nyumba na mimi naruhusiwa ngumi moja!

Ndiyo, ni Vincent. Sikuandika jina lake kwa sababu niliogopa ungechana barua, na ninazihitaji hizi barua kuliko unavyojua. Siku ile hatujawahi kuitaja, yeye na mimi. Sijui yaliyo moyoni mwake. Nilikaa miaka miwili bila kumsalimia. Halafu walipokata kidole, alikuja asubuhi akasimama nje ya lango, akasema, "Mzee, nesi amesema utembee," basi tukatembea. Wewe una haki ya kutomsamehe, hata milele. Mimi naishi naye ua kwa ua, na yeye ndiye aliyemimina ile soda. Sina zaidi.

Sasa furaha. Nimefika mia moja na hamsini! Mizani ya kliniki inanitosha. Mshale unatetemeka pale pale mwisho lakini haugongi. Zimebaki kilo tatu, na upasuaji ni tarehe kumi na nane Aprili. Na wiki hizi tatu za mwisho, hutaamini, Nanzala ametuweka kwa lishe ya maziwa! Ili ini lisinyae kabisa. Hakuna ugali, hakuna mboga ngumu, ni maziwa. Alieleza mengi na akanipa karatasi, lakini mimi mtu wa Kapseret ukiniambia maziwa siulizi maswali. Nililia kwa furaha pale pale. Miaka yote hii nakamua dawa na sijui!

Nimeanza Jumatatu. Nakunywa yakitoka tu kwa ng'ombe, yangali na povu, malai juu. Jioni nakunywa mursik iliyogandia kibuyuni, maana nayo si ni maziwa? Jeruto amenitolea kile kibuyu kikubwa cha wageni. Walisema lita mbili kwa siku, lakini lita mbili ni za ndama, nimeongeza kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nalala nimeshiba. Kweli Mungu si Athumani.

Kakako anayeisha,
Kigen


Wodi ya upasuaji, Eldoret,
17 Aprili 2013

Kwa dadangu Jepchumba,

Umeondoka hapa kitandani kwangu saa hii tu, umeenda kumlaza Jeruto, na mimi nakuandikia kama uko Ol Kalou. Ningekwambia Nanzala ameagiza iwepo barua ya mwisho kabla ya kisu, lakini hajaagiza. Nimetaka tu. Mdomo wangu umezoea kutafuna na kutania, kazi nyingine haujui.

Wewe hukujiona ulivyofika Ijumaa ile, kwa hivyo nikueleze. Nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba, kibuyu mdomoni. Vincent alikuwa langoni anaosha pikapu. Nikaona mama mnene na mkoba, viatu vina matope, anakuja kwa hasira. Nikamwambia Jeruto, "Huyo si ni Jepchumba?" Akasema, "Huyo hakanyagi huku." Ulipita pembeni ya Vincent kama unapita nguzo ya stima. Ulinipokonya kibuyu. Miaka mitano sijasikia sauti yako, na neno la kwanza ukasema, "Kigen, hii ni siagi!"

Baadaye ulinieleza kwamba ulisoma barua yangu saa nne asubuhi, ukapiga simu, ikaita mara mbili, ukakata. Ulisema sauti yako ya kwanza baada ya yote hayo haingekuwa ya kugombana juu ya malai kwa simu; ugomvi kama huo ni wa uso kwa uso. Na barua ingenifikia nikiwa nimeshakuwa ndama kamili. Basi ukapanda gari. Dadangu, umevunja kiapo chako kwa sababu ya maziwa yangu. Nacheka, na machozi yanatoka.

Ile karatasi ya Nanzala ilikuwa mfukoni mwa koti, imekunjwa vile vile. Maziwa yaliyoondolewa malai. Kwa herufi kubwa. Mursik hapana. Kwa herufi kubwa zaidi. Nilipopimwa, mshale uligonga mwisho tena, nikarudi kwa magunia. Mia moja hamsini na tatu. Nimekuwa mgonjwa wa kwanza wa Nanzala kunenepa kwa lishe ya kupunguza ini. Siku hiyo alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akafuta macho akaniambia nafasi yangu wataitazama siku ya kulazwa, na kwamba chini yangu kwenye orodha kuna mama mmoja anaisubiri.

Kisha ukaingia kazini. Maziwa ukayalaza kwenye sufuria pana, asubuhi unaengua malai, unayaacha, unaengua tena, mpaka yakawa ya rangi ya maji ya kufulia. Vibuyu ukavifungia ndani ya kabati na ufunguo ukaufunga shingoni. Malai wakapewa paka. Paka wa Kapseret ndio wangepasuliwa badala yangu. Usiku niliomboleza na wewe ukaniambia nyamaza, Baba alikufa bila kuona uso wa Wamucii, wewe utauona. Nikanyamaza kweli.

Na kila asubuhi Vincent alikuja kunichukua. Hakuingia ndani ya ua. Wewe ulikuwa unazunguka nyuma ya nyumba hadi tuondoke. Niliona, nikatembea.

Leo wamenipima. Mia moja arobaini na sita na nusu. Nusu kilo ya ziada, dadangu! Nilitaka kuruka nikaogopa mizani.

Sasa niseme bila mzaha. Naogopa. Naogopa nisiamke, naogopa Jeruto abaki na ng'ombe peke yake, naogopa umekuja kunizika. Kama sitaamka, ujue nililala katika nyumba ambayo ulikuwemo, na hilo lilinitosha kuliko vyakula vyote nilivyowahi kula. Na unajua nimekula.

Kesho Vincent ndiye atawaleta, kwa maana hakuna gari lingine alfajiri. Sikuombi kitu.

Kakako,
Kigen


Hospitalini, kwenye benchi,
18 Aprili 2013

Kaka Kigen,

Wamekuingiza. Umepita hapa kwenye kitanda cha magurudumu na kile kikofia cha kijani, ukaniambia, "Usile sehemu yangu." Nesi amenipa barua yako uliyomwachia. Nimeisoma yote. Mjinga wewe. Nitakujibu hapa hapa kwa kalamu ya kuazima, maana nikikaa bila kufanya kitu nitapiga mayowe.

Jeruto hayupo nami. Aliona damu kwenye chupa ya mtu mwingine akazimia, yuko chini kwa manesi wa dharura wanampa maji ya sukari. Kwa hivyo tumebaki wawili kwenye benchi. Mimi huku mwisho, Vincent wako kule mwisho. Katikati pangekaa watu watatu, na watu wanakuja, wanatutazama, wanaenda kukaa kwingine.

Saa moja imepita.

Ameongea. Hakunigeukia, alikuwa anatazama mlango wa chumba cha upasuaji. Alisema, "Mama Wamucii, mimi ndiye niliwaonyesha mlango."

Nikasema, "Najua. Nilikuona."

Akasema, "Sikujua watachoma."

Nikasema, "Ulijua."

Akainama akatazama viatu vyake. Halafu akasema, "Nilijua." Sikumwambia haidhuru, Kigen. Inadhuru. Kuria mpaka leo hawezi kulala bila kukagua mlango. Kalamu ikanianguka, na yeye hakuiokota, aliniachia niiokote mwenyewe, na sijui kwa nini hilo lilinifaa.

Ameinuka akaondoka. Nikafikiri amekimbia. Amerudi na vikombe viwili vya chai kutoka kwa mama anayeuza pale langoni. Kimoja amekiweka kwenye benchi, mahali pale katikati. Hajasema karibu. Sijakigusa.

Inaenda saa ya tatu. Mbona hawatoki?

Daktari ametoka. Amevua barakoa kwanza, na nimeona anatabasamu kabla hajafungua mdomo. Kigen, uko hai. Amesema ini lilikuwa limesinyaa vizuri kabisa, wameliinua kwa urahisi, kazi imekwenda sawa, na unaamka. Amesema umeshaanza kuuliza kama kuna chochote cha kunywa. Umeambiwa maji, kijiko kimoja.

Nimelia kwa sauti, hapa mbele ya watu. Vincent naye alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanacheza. Hatukushikana mikono. Nisikilize vizuri ili usije ukasherehekea nyuzi zikafumuka: sijamsamehe. Sijui kama nitaweza.

Lakini koo lilikuwa limenikauka kwa kulia. Nimechukua kile kikombe. Chai ilikuwa imepoa. Nimekunywa nusu.

Jepchumba